Sikio Chini ya Bati

Tarehe 4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo, na mimi leo nimeanza shajara. Siandiki kwa mkono. Shule sikuiona, kalamu kwangu ni kama kijiti cha kuchokolea meno. Ninasema, simu inaandika, na nikitaka inanisomea nilichosema. Programu hiyo ameitengeneza mjukuu wangu na watu wake wa mtandaoni. Ameniwekea mwenyewe na kuniambia niseme kila siku chochote, hata kama ni kulalamika. Nikamwambia kwenye kulalamika sihitaji mwalimu.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, paa la bati. Cherehani iko dirishani, meza ya mjukuu iko ukuta wa pili, kwa hiyo tukifanya kazi tunapeana migongo. Namwita Mke Mwenza tangu alipozaliwa, maana babu yake alikuwa akimbeba huku akisema sasa amepata mke mdogo asiyenuna. Mume ametangulia, wake wawili tumebaki. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifuata kazi nchi ya mbali mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Huko akapata mume, akapata watoto wengine, na sasa amekuwa sauti ya Jumapili. Huyu nimemlea mimi. Nataka ieleweke mapema kabisa ni wa nani.

Tarehe 6 Machi

Mvua. Suruali mbili za mlinzi, zipu. Mke Mwenza hakuinua kichwa hata niliposema chai inapoa. Nimeinywa mimi.

Tarehe 9 Machi

Leo nimelijua jina la mwizi wangu. Anaitwa Kobe.

Si jina la kuzaliwa, ndivyo anavyojiita huko mtandaoni. Mke Mwenza anasema ni kwa sababu hajibu haraka, lakini akijibu ujue amesoma kila neno. Ndiye aliyeianzisha hiyo programu na ndiye mwenye kauli kubwa. Nikauliza, mwanamume au mwanamke? Hajui. Kijana au mtu mzima? Hajui. Anakaa wapi? Anakisia tu, kwa saa anazoandika. Nikamuuliza, miaka yote hii mnaandikiana kila siku na hujui kama ana ndevu?

"Bibi, sisi hatuulizani hayo," akasema. "Tunaulizana kazi."

Jioni nikamsikia anacheka peke yake mbele ya kompyuta. Kicheko chake kinaanzia puani, kama mtu anayezuia chafya, kisha kinamshinda. Nimekisikia tangu akiwa kwenye mbeleko. Nikauliza Kobe kasema nini cha kuchekesha hivyo. Akasema ni utani wa usanifu wa programu, nisingeuelewa.

Nisingeuelewa. Utani nimemfundisha mimi.

Tarehe 12 Machi

Nimembana mpaka akanieleza. Programu huria, anasema, ni kama nguo iliyogeuzwa nje ndani, mshono wote unaonekana. Yeyote anaweza kuutazama, kuufumua huko kwake na kuleta mshono bora. Wenye kuishona wako kila pembe ya dunia na hawajawahi kukaa chumba kimoja. Kwa hiyo kila jambo kubwa lazima liandikwe. Ukitaka kuhamisha ukuta mmoja tu wa programu unaandika pendekezo: nataka kufanya hivi, sababu zangu ni hizi, nilifikiria njia hizi nyingine na nimeziacha kwa sababu hizi. Unachora masanduku na mishale kuonyesha sanduku gani linampa nani kitu gani. Kisha unaondoa mkono. Unawaacha watu waseme, wiki, wakati mwingine mwezi. Wakishakubaliana wanaandika uamuzi na sababu zake, na hoja zilizoshindwa nazo wanaziandika, ili atakayekuja baadaye asiseme waliotangulia walikuwa wendawazimu.

Nikauliza, na wawili wakipatana pembeni kwa simu?

"Wayalete pale hadharani, Bibi. La pembeni halihesabiki."

Nikamwambia mbona kabati langu la vitambaa alilihamisha mwezi uliopita bila pendekezo wala masanduku. Akacheka, kile cha puani. Nilifurahi siku nzima kwa sababu kicheko hicho kilikuwa changu.

Lakini juu ya meza yake amebandika mchoro wenyewe. Masanduku yamejaa kama uwanja wa shehena. Nje ya masanduku yote, peke yake pembeni, kasimama mtu wa vijiti: kichwa duara, mikono miwili, chini kitu kama kengele. Mshale wa kwanza kabisa unatokea mdomoni mwake. Chini yake kuna maneno madogo. Nikauliza huyu nani.

"Huyo ndiye tunayemfanyia kazi," akasema, simu yake ikalia, akatoka.

Nimemtazama mtu huyo mchana kutwa nikipinda mashuka ya nyumba ya wageni. Ni Kobe, sina shaka. Wamemtumikia mpaka wamemchora.

Tarehe 15 Machi

Mvua imepiga bati kutwa. Simu ilisikia nusu ya maneno yangu, nusu ikatunga yenyewe. Nimeifutilia mbali.

Tarehe 19 Machi

Nimemkuta Mke Mwenza ameshika kichwa. Kobe ameleta pendekezo.

Hivi sasa sikio la programu, yaani kile kinachosikia na kugeuza sauti kuwa maandishi, linakaa ndani ya simu yenyewe. Ndiyo maana mimi nasema bila bando na bila mtandao. Mke Mwenza ndiye mlezi wa hilo sikio, kalishika tangu lilipokuwa halijui hata kuhesabu. Kobe anasema ni zito, linachemsha simu za zamani, na kila likijifunza neno jipya watu wote inabidi walipakue upya. Anataka wajenge sikio moja kubwa kwenye kompyuta ya mbali. Simu ipeleke sauti huko, irudishiwe maandishi. Litakuwa jepesi, litasikia vizuri zaidi, litatengenezwa mahali pamoja.

Nikasema mbona ni maneno ya mtu mwenye akili.

Aligeuka akanitazama kama nimemmwagia maji. Asiye na bando je, akauliza, na asiyetaka sauti yake itoke nyumbani kwake? Amekwenda kuandika jibu. Maoni yatapokelewa mpaka mwisho wa Aprili, kisha uamuzi.

Tarehe 22 Machi

Anaandika jibu. Chakula kimeliwa na mtu mmoja.

Tarehe 23 Machi

Bado anaandika. Sijawahi kuona ugomvi wa kistaarabu namna hii. Sisi mtaani mtu akikukera unamwambia akiwa bado mlangoni. Hawa wanaanza na "nashukuru kwa kazi kubwa uliyoifanya", ndipo kisu. Ananisomea sentensi na kuniuliza kama ni kali mno. Nilifurahi kuulizwa, mpaka nilipogundua kwamba sote wawili tumekaa tunafikiria asije akamuumiza Kobe.

Mimi nani ananiandikia mara tatu tatu kabla ya kunijibu?

Tarehe 26 Machi

Nitalisema hapa kwa sababu hakuna anayesikia. Ninaomba Kobe ashinde.

Sikio likienda mbali, halitahitaji mlezi hapa. Mke Mwenza atakosa la kufanya, atageuza kiti, tutakunywa chai ingali moto. Na mimi nikikosa shajara kwa sababu sina bando, basi. Nimeishi umri wangu wote bila kuandika na wateja hawajawahi kulalamika kwamba mikono ya nguo imepishana.

Tarehe 30 Machi

Kobe amemjibu. Amechukua siku zote hizo, na Mke Mwenza alikuwa anafungua kompyuta kila saa kama mchumba anayesubiri barua. Jibu lenyewe ni refu na, kwa alivyonisomea, ni la haki. Kobe anakubali habari ya bando. Lakini anasema sikio dogo limejaribiwa kwenye vyumba vya kimya tu. Lionyeshwe linavyosikia pale watu wanapoishi kweli, kwenye mvua na bati na makelele. Likisikia, yeye mwenyewe atalirudisha pendekezo lake mfukoni.

Mke Mwenza alikuja akapiga magoti mbele ya cherehani yangu. Hajapiga magoti hapo tangu alipokuwa ananiokotea pini.

"Bibi, ni wewe tu. Siku mvua ikianza, bonyeza hapa, utaje nguo zote zilizotundikwa, kuanzia mlangoni. Ya nani na inafanywa nini. Useme kama unavyosema siku zote."

Nguo zinakaa kwenye misumari kwa mpangilio, kwa hiyo atalinganisha maandishi na nguo. Sauti yenyewe haibaki. Sikio likishasikia linaitupa, ndivyo alivyolijenga, watu wasihifadhiwe sauti zao bila habari. Nikamwambia sawa. Akanibusu kipaji cha uso.

Nilijua busu lile limepitia kwangu linakwenda kwa Kobe.

Tarehe 2 Aprili

Mvua imekuja saa za mchana, nzito, Mke Mwenza akiwa chuoni anakofundisha. Nikabonyeza alipoonyesha.

Nilikuwa na pini mdomoni. Fundi kuwa na pini mdomoni si ajabu. Ningeweza kuzitoa. Sikuzitoa. Nikageukia ukuta, mguu nikaukanyagia kwenye cherehani ikakimbia, nikataja nguo zote kuanzia mlangoni, gauni la mkunga, koti la dereva, sare za watoto pacha, zote. Nimetaja sawasawa, hakuna atakayesema nimedanganya.

Jioni akafungua. Simu ilikuwa imeandika uji. Alisimama mbele ya misumari na simu mkononi, anatazama gauni, anatazama maandishi. Akaketi kwenye kiti changu, wala si chake.

Nikampa chai ya moto. Akainywa yote. Nikajiambia, si unaona.

Tarehe 3 Aprili

Amekunywa chai na mimi asubuhi. Amenisaidia kupanga vifungo kwa rangi. Hakucheka.

Tarehe 5 Aprili

Nilidhani kushindwa kwake kutanirudishia mtu. Kumenirudishia mwili tu. Anakaa hapa, ananisikiliza, anaitikia "ndiyo, Bibi", na macho yako juu ya mtu wa vijiti.

Tarehe 7 Aprili

Jumapili. Mama yake alipiga. Kwa kawaida wanaongea muda wa kumenya kitunguu. Leo Mke Mwenza alifunga mlango. Alipotoka alinisaidia kukunja nguo kwanza, ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba mama yake amemtafutia kazi huko.

Nikasema, na programu?

"Kama sikio linahama, hakuna kinachonishika hapa. Kufundisha kompyuta naweza popote. Nilikataa mara mbili, Bibi. Nilibaki kwa sababu hapa ndipo mahali pa kulijaribia. Bati liko hapa. Wewe uko hapa."

Alikataa mara mbili na mimi sikuambiwa. Nilitaka kukasirika lakini hasira haikuja. Nilihisi pini zile mdomoni, zote.

Tarehe 9 Aprili

Sikushona leo. Nilikwenda kwa jirani yangu muuza mkaa, ambaye anasoma vizuri ingawa miwani yake ina mkono mmoja. Nikamwambia anifungulie huo ukumbi wao wa mtandaoni, si wanasema uko wazi kwa dunia nzima. Wazi kwa dunia nzima isipokuwa mimi niliyenyimwa herufi, mita tatu kutoka kiti chake.

Muuza mkaa alinawa mikono, akaufungua kwenye simu yake, akasoma. Anasoma na kutia yake. Kila Kobe akianza na shukrani anasema, "Huyu ana adabu ya mtu anayekuja kuchumbia." Nikamwambia asome tu.

Tukafika kwenye jaribio. Nilijua Mke Mwenza kalificha, au kalipunguza makali. Nani angeleta mwenyewe fimbo ya kuchapwa nayo? Muuza mkaa akasoma: "Nimejaribu kwenye mvua, chini ya bati, na bibi yangu. Sikio dogo limeshindwa karibu kila neno. Naweka matokeo hapa yote, ingawa yananipinga mimi mwenyewe. Ni haki ya kila mtu anayeamua kuyaona."

"Mtoto wako huyu ni mjinga au ni malaika?" akauliza muuza mkaa.

Nikamwambia anisomee maneno madogo yaliyo chini ya mtu wa vijiti, kwenye ule mchoro, maana nao uko humo. Akausogeza mpaka puani.

"Bibi," akasoma. "Halafu chini yake: chumba chenye bati, hana bando, hasomi, ana mengi ya kusema."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Akasema kumbe hata kwenye maoni ndivyo watu wanavyosema, akashuka nayo chini, mmoja anauliza "hii itamfaa bibi wa bati?", mwingine anajibu "kwa bibi wa bati itakuwa nzito". Miaka yote hiyo. Kile kitu kama kengele ni sketi yangu. Watu nisiowajua, wasiojuana, wamekuwa wakigombana kwa adabu juu yangu, na mimi nimekaa nyuma ya mgongo wake nikihesabu chai alizoziacha.

Nilirudi nyumbani na mkaa nisiouhitaji.

Tarehe 10 Aprili

Nimemwambia. Nimesema nilikuwa na pini mdomoni, nimegeukia ukuta, cherehani inakwenda, na nilifanya kusudi.

Alikuwa amesimama. Ningefurahi angepiga kelele. Nimezoea kelele, najua pa kuishika.

"Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu Kobe anapata asubuhi yake na jioni yake na mimi ninapata mgongo.

Akavaa koti. Nikaanza kusema zaidi, kwamba nimesikia kilichoandikwa chini ya yule mtu, kwamba sikujua, kwamba mimi ni mpumbavu mzee. Akaniinulia kiganja.

"Usiniambie mimi pembeni, Bibi. Watu wanaamua kwa uongo, na uongo wenyewe nimeupeleka mimi kwa mkono wangu. Kaseme pale."

Tarehe 11 Aprili

Hatusemeshani. Anapika, naosha. Ananiwekea dawa ya presha kwenye kisahani na glasi ya maji, bila neno. Kununa amefundishwa na mimi, kwa hiyo nimenuniwa na bingwa.

Tarehe 12 Aprili

Nimesema pale.

Muuza mkaa alikuja kunigawia bando na kunionyesha pa kubonyeza. Mvua ilikuwa inanyesha, akasema tusubiri ikatike. Nikakataa. Kama sikio halinisikii kwenye mvua, basi na lisinisikie, watu waone. Nilitoa kila kitu mdomoni, nikaielekea simu. Mke Mwenza alikuwa chumbani, mlango wazi. Nilisema hivi, na simu iliponisomea yalikuwa karibu yote, isipokuwa maneno mawili matatu ambayo muuza mkaa aliyarekebisha:

"Mimi ni bibi wa bati. Jaribio lenu la mvua ni bovu. Ubovu si wa sikio, ni wa mdomo. Nilikuwa na pini mdomoni, nikageukia ukuta na kuendesha cherehani, makusudi, ili mjukuu wangu ashindwe, anirudie. Nina wivu na nyinyi nyote, na wewe Kobe nina wivu na wewe zaidi. Kama sikio likae kwenye simu au liende mbali, mimi sijui, hilo ni lenu. Ninachosema, msiamue kwa jaribio langu. Na yule aliyeleta mbele yenu matokeo ya kumpinga mwenyewe, asiyafiche, nimemlea mimi."

Nikabonyeza. Muuza mkaa akasema hayo sasa hayafutiki. Nikamwambia ndiyo nia.



Tarehe 13 Aprili

Muuza mkaa anasema watu wengi wameweka kidole gumba. Mmoja ameniuliza kwa heshima kama pini zilikuwa za kichwa cha plastiki. Sijui ya nini. Kobe kimya.

Tarehe 14 Aprili

Kobe kimya. Jumapili, mama yake alipiga, mlango ukafungwa tena.

Tarehe 16 Aprili

Kimya. Sasa na mimi nachungulia kama mchumba. Kila muuza mkaa akipita dirishani natoa kichwa, anatikisa chake.

Tarehe 18 Aprili

Kobe amejibu. Mke Mwenza mwenyewe amenisomea, amesimama nyuma ya kiti changu. Ni maneno yake ya kwanza kwangu ambayo hayahusu chumvi.

Kobe hakunitukana wala hakunipaka mafuta. Ameandika kwamba jaribio limekatwa mstari. Hawakulifuta. Limebaki linaonekana na sababu imeandikwa pembeni. Kosa analiona ni lake pia, kwa sababu aliweka mzigo wa uamuzi mzima juu ya mtu mmoja na chumba kimoja. Ameomba kila mwenye bibi, babu, mama au jirani chini ya bati arudie jaribio kabla ya mwisho wa mwezi, na wakae pamoja naye wakati anasema.

"Pamoja naye," nikarudia.

"Nimesikia, Bibi."

Tarehe 20 Aprili

Mvua ilikuja alfajiri. Aliniamsha, akaniwekea kiti, akakaa mbele yangu magoti yakigusana. Nikataja nguo kuanzia mlangoni. Kwenye gauni la mkunga nilisema lina kiuno kikubwa kuliko mwenyewe anavyokiri, na simu ikaandika hilo pia, neno kwa neno. Nilimwona anabana pua.

Hakucheka. Lakini alibana.

Tarehe 24 Aprili

Koti la dereva limekwisha. Ameliacha tena, hana haraka, anasema gari lina joto.

Tarehe 29 Aprili

Uamuzi umeandikwa. Kwa wengi sikio dogo limesikia, kwa wengine limekwama, hasa wenye kikohozi na mama mmoja wa sokoni. Kwa hiyo hakuna aliyeshinda mzima mzima. Sikio dogo linabaki ndani ya simu, ndilo la kwanza kusikiliza. Sikio kubwa la mbali litajengwa, na mtu atalitumia akitaka mwenyewe, akiulizwa kwanza. Kobe ameandika hoja zake mwenyewe kwenye fungu la zilizoshindwa, kwa mkono wake, hakumwachia mtu mwingine. Nimekosa la kumchukia hapo, nimetafuta.

Kwenye fungu la sababu yamewekwa maneno yangu yote, hayakupunguzwa, mpaka lile la wivu.

Mke Mwenza atakuwa na kazi kuliko mwanzo. Habari ya mama yake hajaitaja na mimi sijauliza. Ninaogopa.

Tarehe 3 Mei

Nimerudi kutoka kupeleka mashuka, nikakuta sebule imepinduliwa. Meza yake imetoka ukutani. Sasa imeielekea cherehani, tukikaa tunaonana uso kwa uso. Kabati langu limerudi mahali pake pa zamani. Kwenye cherehani kulikuwa na karatasi yenye mchoro, masanduku mawili na watu wawili wa vijiti, wote wana sketi. Akanisomea kilichoandikwa chini, kwa sauti ya mtu anayetangaza vifo redioni:

"Pendekezo. Meza igeuzwe. Sababu: mgongo si wa kumpa mtu unayemfanyia kazi. Kabati lirudishwe, lilihamishwa bila maoni ya mwenyewe. Njia niliyoifikiria na kuiacha: kwenda kwa mama."

Kisha akasema, "Maoni yako yanapokelewa mpaka kesho, Bibi."

Nikamwambia maoni yangu ni kwamba meza imekaa upogo, inaninyima mwanga. Tukaisogeza pamoja. Ndipo nikaenda uani kutazama nguo kwenye kamba, ingawa kwenye kamba hakukuwa na nguo.

Tarehe 8 Mei

Mvua imekatika. Bati linalia lenyewe kwa jua.

Leo Kobe ameandika, na safari hii ameniandikia mimi, pale pale hadharani mbele ya wote. Mke Mwenza akanisomea ng'ambo ya meza yake. Kobe anasema amefikiri sana juu ya wivu wangu. Anasema kwa miaka yote hii amesoma kila neno la mjukuu wangu, anajua anavyopanga hoja, anajua anavyokosea akichoka, angelitambua andiko lake hata bila jina. Lakini hajawahi kusikia sauti yake hata mara moja. Anauliza, kama si kukosa adabu, anachekaje.

Mke Mwenza aliposoma hapo kikamtoka, kile cha puani, kikamshinda, mpaka akaweka kichwa mezani.

"Nimwandikie nini, Bibi?"

Nikavuta kitambaa, nikakanyaga cherehani.

"Mwandikie nimemsalimu sana."